Pumzi Chini ya Kitenge

Wodi ya Wanaume, Tosamaganga,
Iringa.
Ijumaa, 7 Machi 1975

Kwa Muuguzi wa Mapokezi,
Hospitali ya Isangala, Mbeya.

Ndugu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Mimi ni Asukile Mwakalobo, mwenye gereji ya malori hapa Iringa mjini. Mke wangu Esta yuko wodini kwenu toka jana asubuhi, hajitambui. Habari hiyo nimeipata kwa mdomo wa dereva wa basi. Kwenu sikuipata.

Kwa hiyo usihangaike kunificha, najua. Esta alijifungua nyumbani Uyole mwishoni mwa Februari, mtoto wetu wa kwanza, Subilaga, baada ya kungoja miaka minne. Jumanne hii baba yangu alimleta hapo kwenu. Walifika saa mbili asubuhi, akaitwa saa saba. Kutoa mbili kwenye saba ni tano. Saa tano mke wangu amekaa kwenye benchi lenu, halafu akapewa aspirini na klorokwini, akaambiwa arudi nyumbani. Jana amerudishwa hapo juu ya pikapu ya mbao, na daktari wenu anasema sumu imeingia kwenye damu. Sumu hiyo Jumanne ilikuwa wapi? Ilikuwa imekaa naye benchini, mnaitazama.

Mimi sikusoma zaidi ya darasa la nne. Nilianza kwa kuosha spana za watu, leo nina mafundi sita. Lori likiingia kwangu, kabla dereva hajamaliza kueleza, fundi ameshaweka mkono kwenye redieta. Dereva anaweza kudanganya, injini haiwezi. Nyinyi mlimwekea mkono nani? Hapa nimelazwa kwa mguu tu. Jeki iliteleza, lori likanilalia, nimefungwa plasta mpaka kiunoni, hata kugeuka ni mpaka nisaidiwe. Lakini napimwa joto mara nne kwa siku. Mara nne, kwa mguu! Na mama mzazi hakupimwa hata mara moja.

Nataka jina la mtu aliyemrudisha mke wangu nyumbani. Jina tu. Nikilipata nitamwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa, nakala kwa Katibu wa TANU, nakala Wizarani. Esta akifa, mtu huyo hatavaa tena kofia ya uuguzi, na hilo nalisema nikiwa na akili zangu zote.

Simu zimekatika kwa mvua. Barua hii anayo utingo wa basi la asubuhi. Mpe jibu yeye yule, msimamizi wangu Liberatus atalipokea stendi.

A. Mwakalobo


Hospitali ya Isangala, Mbeya.
Jumamosi, 8 Machi 1975

Ndugu Mwakalobo,

Jina unalotaka ni langu. Zamu ya Jumanne ilikuwa yangu, na nilikuwa peke yangu. Andika Kalista Lunyali, usije ukamwonea mwingine.

Kwanza mkeo. Yu hai. Joto lake ni nyuzi 39.8, mapigo ya moyo 124, na anapumua mara 30 kwa dakika. Wewe na mimi tunapumua mara 16, tukizidi sana 20. Anachomwa penisilini, ana dripu mkononi. Jana jioni alifumbua macho akauliza mtoto yuko wapi. Mtoto yuko wodi ya wazazi, kuna mama mmoja wa Rujewa amejaliwa maziwa, anamnyonyesha pamoja na wa kwake. Mtoto hana neno.

Sasa benchi. Asubuhi ile lori la wachuma chai lilipinduka, tukaletewa majeruhi kumi na mmoja kwa mkupuo. Sisi mapokezi tunapokea kwa macho: anayevuja damu wa kwanza, anayelia wa pili, aliyenyamaza wa mwisho. Ndivyo nilivyoikuta kazi hapa. Mkeo alinyamaza.

Zamu yake ilipofika nilimkuta amejifunika kitenge gubigubi, kichwa na uso, ameegemea ukuta. Nikamwuliza, "Mama, unaumwa nini?" Kimya. Nikarudia. Kimya. Mzee mmoja aliyesimama nje ya mlango, ametupa mgongo, akajibu huku anatazama barabarani: "Huyo ana homa. Mpe dawa ya homa."

Nikamwuliza, "Mzee, ni mwanao?"

"Hapana."

"Ni nani wako?"

Akahamishia fimbo mkono wa pili.

"Amejifungua karibuni? Bado anatoka damu?"

Mzee akaondoka kabisa, akaenda kusimama getini kama mtu aliyetukanwa. Nikasema moyoni, hawa wamegombana kwao, wananiletea mimi ugomvi wao. Nikapitisha vidonge chini ya kitenge, mkono ukavipokea. Mkono ulikuwa wa moto. Nikasema malaria. Kitenge sikukifunua. Ningekifunua ningeona kifua kinavyopanda na kushuka, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua hiyo si malaria. Ndivyo nilivyofanya, na ndivyo utakavyoandika.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, hapa Mbeya nina miezi mitano. Mhudumu wetu mmoja Mnyakyusa ndiye aliyenieleza, mkeo akiwa ameshalazwa: kwamba kwenu mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Mwanamke hatoi sauti mbele ya mzee, na mzee hawezi kutaja mwili wa mke wa mwanawe. Mimi sikujua. Lakini wewe umezaliwa nayo, Ndugu Mwakalobo. Katika watu wote wa Uyole, nani aliyesema mzee ndiye amlete?

Kalista Lunyali
Muuguzi wa Mapokezi


Tosamaganga,
Jumapili, 9 Machi 1975

Baba yangu Yotamu,

Ugonile. Mguu bado, ila vidole naweza kuvichezesha. Nasikia uko hapo hospitali, unalala barazani na wenye wagonjwa. Liberatus amekutumia blanketi kwa basi hili hili.

Baba, nimepata barua ya yule sista wa mapokezi. Anasema maneno ambayo sipendi kuyaamini mpaka niyasikie kwako. Mwezi uliopita nilikuandikia kwamba Esta akiumwa umpeleke wewe mwenyewe. Mama hayupo tena, na majirani wa kijiji kipya cha ujamaa wameletwa kila mmoja na kwao, hatujui nani ni nani. Nikaongeza kwamba mambo ya kuogopana na mkwe ni ya zamani, sasa tuko mwaka 1975. Ukanijibu, "Nimesikia."

Sasa naomba uniambie. Ni kweli ulisimama nje? Ni kweli ulisema ni homa tu? Njiani hukuona hali yake? Sikulaumu, baba. Nataka kujua kabla sijamshtaki mtu, kwa sababu nikimshtaki nitamshtaki sawasawa.

Mwanao,
Asukile


Isangala,
Jumatatu, 10 Machi 1975, asubuhi

Mwanangu Asukile,

Ndaga, asante kwa blanketi. Usiku wa hapa una baridi kuliko wa Uyole, na wenye wagonjwa ni wengi, tunabanana kama mahindi gunzini. Ng'ombe nimemwachia yule kijana Jailos, anamkamua vizuri, ila nadhani maziwa mengine anakunywa njiani.

Unaniuliza mambo ambayo mtu hamwulizi baba yake. Lakini uko mbali na umeumia, nitakujibu.

Nilitangulia, yeye akafuata nyuma, kama ipasavyo. Njiani alikaa chini mara tatu. Nilimsikia akikaa. Sikugeuka. Nilisimama nikitazama mbele mpaka niliposikia nyayo tena, ndipo nikaendelea. Mara ya tatu nilisimama muda mrefu, mpaka mpita njia akaniuliza, "Mzee, umesahau kitu?" Tulipofika nikasimama mlangoni ili niwe karibu. Yule binti wa hospitali akaniuliza mbele za watu maneno ambayo hata marehemu mama yako asingeniuliza gizani. Kwamba anatoka damu! Mimi nijibu nini? Ningesema najua, ningekuwa mtu wa namna gani? Nikaondoka.

Ulisema ni mambo ya zamani. Nilisikia. Wewe uko Iringa, mwanangu, na ni rahisi kuwa mtu wa sasa ukiwa Iringa.

Basi tuyaache, kwa maana nina habari njema. Ile homa imekwisha. Mama mmoja anayemsaidia kumwosha ametoka nje akatuambia, jana alikuwa anaunguza kama sufuria, leo mwili umepoa kabisa, mikono na miguu ni ya baridi kama maji ya mto, na amelala kimya hasumbui mtu. Tumeimba wimbo mmoja hapa barazani. Wewe nawe mshukuru Mungu huko uliko.

Baba yako,
Yotamu Mwakalobo


Isangala,
Jumatatu, 10 Machi 1975, saa tatu

Ndugu Mwakalobo,

Naandika nikiwa nimesimama. Barua hii inakwenda na basi moja na ya mzee wako.

Joto la mkeo lilikuwa 39.8, leo alfajiri ni 35.4. Mapigo ni 148. Anapumua mara 38. Daktari Kalinga anasema sumu inatoka kwenye kizazi, kimeoza ndani, sindano peke yake hazitoshi. Anataka kumpasua na kukitoa. Anahitaji idhini ya mume au mtu wa ukoo. Mzee wako nimemwendea mara mbili barazani, kila nikitaja neno hilo anainuka na kuondoka.

Andika kwamba unakubali, utie saini, utume kwa chombo chochote kitakachotangulia kuja huku. Sitaki maelezo. Saini tu.

K. Lunyali


Tosamaganga,
Jumanne, 11 Machi 1975, alfajiri

Dada Lunyali,

Barua zenu zote mbili zimefika jana jioni, nami sikulala. Nimezisoma mpaka nimezijua kwa moyo.

Mtanisamehe, lakini hesabu mimi najua. Kutoka 39.8 kushuka 35.4 ni nyuzi nne na zaidi kwa siku mbili. Mimi mwenyewe jana nimepimwa nikakutwa na 36.8, nikaambiwa mzima. Sasa mtu aliyeshuka chini yangu mimi, ambaye baba yangu anasema amepoa na amelala, nyinyi ndiyo kwanza mnataka kumpasua? Gari lililochemka likipoa unafunika boneti. Hufungui injini ukatupa nusu yake.

Niseme wazi ninavyofikiri. Mliharibu Jumanne, mnajua nitaandika, sasa mnataka kuonekana mmefanya kazi kubwa. Miaka minne tumengoja mtoto wa kwanza. Mnataka huyo huyo awe ndiye wa mwisho? Mimi nitamwambia nini mke wangu akiamka: nilikuwa Iringa nimelala, nikakutoa kizazi kwa kalamu?

Sikubali. Sitii saini. Endeleeni na sindano, maana ni wazi zinafanya kazi. Na mtu yeyote atakayemgusa Esta kwa kisu bila ruhusa yangu, huyo jina lake nalo nitalitaka.

Asukile Mwakalobo


Tosamaganga,
Jumanne, 11 Machi 1975, saa nane mchana

Sista Kalista,

Ile barua ya asubuhi iko kwenye basi, siwezi kuirudisha. Ichane. Kama umeisoma, jifanye hujaisoma.

NAKUBALI. Mpasueni. Toeni chochote. Hii hapa saini yangu, na chini yake saini ya Sista Apolonia wa wodi hii, shahidi.

Ni yeye aliyeniamsha. Alikuja kunipima saa nne, akanikuta nacheka peke yangu, akauliza kuna nini. Nikamsomea takwimu zako kwa kujivuna, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nilipofika 35.4 akasema, "Haya." Nilipofika 148 akaacha kutikisa kipimajoto. Nilipofika 38 akaninyang'anya barua. Akaniuliza, "Nawe umejibu nini?" Nikamwambia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtawa.

Akaniambia mtu si redieta. Mwenye sumu ya damu akiwaka moto, mwili bado unapigana. Akipoa huku moyo unakimbia na pumzi zinakimbia, mwili umeanza kushindwa, damu inaacha mikono na miguu ili iokoe moyo. Nilikuwa na namba tatu mkononi, nikachagua moja iliyonifurahisha. Fundi wangu akifanya hivyo namfukuza siku hiyo hiyo.

Liberatus anaileta hii mwenyewe, amepata lifti kwenye lori la mafuta liendalo Zambia. Nimemwambia asishuke popote hata kunywa chai. Malalamiko yangu yote nayafuta, sitamwandikia mtu yeyote. Niambie tu kama nimechelewa. Usinipambie maneno. Niambie.

Asukile Mwakalobo
Shahidi: Sr. Apolonia


Isangala,
Jumatano, 12 Machi 1975

Ndugu Mwakalobo,

Barua zako zote mbili zimenifikia leo asubuhi, kwa sababu utingo wako alilala na ile ya kwanza mfukoni. Liberatus alifika ananuka dizeli, akasimama mbele yangu bila salamu akisema, "Soma hii, ile usisome." Nimesoma zote mbili.

Hazikutumika. Mkeo alipasuliwa Jumatatu saa sita mchana, barua yangu kwako ikiwa bado iko barabarani. Daktari Kalinga alisema tukingoja Iringa tutangoja maiti. Saini iliyotumika ni ya mzee wako. Namna ilivyopatikana sitaisimulia mimi, si ya kwangu.

Kizazi kimetoka. Siwezi kukuambia kwamba atapona. Naweza kukuambia Jumatatu baada ya upasuaji mapigo hayakuhesabika, jana yalikuwa 130, leo ni 112. Anapumua mara 24. Vidole vya miguu vimepata joto tena, nimevishika mwenyewe. Zisome zote safari hii.

Ile uliyosema, kwamba nataka kuonekana nimefanya kazi kubwa, nimeiweka pembeni. Una mguu uliovunjika, una mke mahututi, ulikuwa huoni. Lakini niliisoma na iliniuma, na ni haki ujue hivyo.

Sasa lile la kufuta malalamiko. Usifute. Sikuombi unihurumie, nakuomba uandike. Toka Ijumaa nimebadili mapokezi kwa nguvu zangu mwenyewe. Hakuna anayekaa benchini kabla sijamshika mkono na kuhesabu pumzi zake, na aliyenyamaza ndiye naanza naye. Aliyejifunika namwuliza faraghani, na aliyemsindikiza nampeleka getini, awe mume, awe mkwe, awe katekista. Jana alikuja mfugaji mmoja kutoka Usangu, Nyanda jina lake, Msukuma mrefu, kisiginoni ana kidonda kidogo kama shilingi. Wenzake wanamtania, "Mchunga ng'ombe mia umeangushwa na mwiba!" naye hacheki. Nikahesabu pumzi: 32. Zamani angekaa mpaka jioni. Alikuwa na sindano mwilini kabla wenzake hawajamaliza kucheka.

Lakini faragha yenyewe ni shuka nililofunga kwa kamba, na kipimajoto ni kimoja kwa watu wote. Nikiwa na majeruhi kumi na mmoja na mikono miwili, nitarudi kupokea kwa macho, hakuna ujanja. Nahitaji pazia la kweli, vipimajoto, na muuguzi wa pili wa asubuhi. Nimeomba mara tatu, nikajibiwa ombi limepokelewa. Barua ya mume mwenye hasira inasomwa haraka kuliko ya muuguzi. Andika kila kitu. Andika saa tano za benchi, andika na jina langu. Kisha mwishoni uulize kwa nini alikuwa peke yake.

Kalista Lunyali


Isangala,
Jumapili, 23 Machi 1975

Baba Subilaga,

Salamu. Naandika kidogo kidogo, nikichoka nalala, nikiamka naendelea, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usidhani ni hasira. Hasira ipo, lakini mwandiko ni uchovu.

Sista Kalista na baba yako wameniambia yote mliyoandikiana. Nimehesabu nami, si wewe peke yako unayejua. Barua nane zimeandikwa juu ya mwili wangu, zimepita Makambako kwenda na kurudi, na hakuna hata moja iliyoanza kwa jina langu.

Nikuambie ya benchi, maana kila mtu ameyaeleza isipokuwa aliyekaa. Nilikuwa najua naumwa nini. Tumbo lilikuwa linakata, ile damu ilikuwa inanuka mpaka naona aibu, pumzi hazinitoshi. Sista aliponiuliza, maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Baba alikuwa mlangoni. Kukohoa tu niliogopa, seuze kusema habari za damu. Nikajifunika nikajiambia, huyu mtu atanifunua sasa hivi, ataona. Akaleta vidonge. Nikavipokea. Kurudi nyumbani sikumbuki sana, nakumbuka mgongo wa baba na fimbo yake.

Jumatatu ile ya baridi. Nilikuwa nasikia, hata kama walidhani nimelala. Daktari alisimama na karatasi, akauliza, "Mume yuko wapi?" Sista akasema, "Tosamaganga, amevunjika." Daktari akauliza ukoo uko wapi. Nikasema mimi nakubali, lakini nadhani sauti haikutoka, au ilitoka hawakuihesabu. Sista akatoka. Nikasikia huko nje anafoka, "Mzee, ukiondoka tena safari hii, nenda moja kwa moja ukachimbe kaburi!"

Baba akaingia kinyumenyume.

Ndivyo. Aliingia wodini anatembea kinyumenyume, fimbo mkononi, mgongo kwangu, anagonga vitanda. Wagonjwa wakaanza kucheka, hata mimi katika hali ile nilitamani kucheka. Yule mama wa Rujewa akasema, "Mzee, huko ndiko unakwenda au ndiko unatoka?" Akafika karibu na miguu ya kitanda changu, akasimama. Daktari akaanza kumweleza kizazi na usaha. Baba akainua fimbo. Akamkatiza. Akauliza, akiwa ameelekea mlango: "Yeye mwenyewe anasemaje?"

Baba Subilaga, mpaka hapo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Daktari hakuniuliza, wewe hukuniuliza. Aliyeniuliza ni yule asiyeruhusiwa kunisikia.

Nikakuta kitenge kiko usoni, sijui nilijifunika saa ngapi. Nikakitoa. Nikasema, "Baba, nataka kuishi. Wanipasue."

Akageuka. Nadhani hakupanga, aligeuka tu kama mtu aliyeitwa. Miaka minne nimempikia na kumfulia, hajawahi kuniona uso. Akanitazama. Mimi nilishindwa kuangalia pembeni, nguvu hazikuwepo. Akasema kwa lugha yetu, "Kumbe bado mtoto mdogo hivi." Kisha akamwambia daktari, "Ameshasema. Nipe kalamu."

Wazee wa ukoo wamekuja juzi. Wanataka ng'ombe wa kusafisha yaliyotokea. Baba amewaambia wamchukue, ila wasimtake ajute. Hatuongei mengi, bado anasimama nje ya dirisha, bado natazama chini. Lakini asubuhi anauliza kama nimekula, nami namjibu.

Sasa letu. Kizazi hakipo. Subilaga ni wa kwanza, na ni yeye huyo huyo wa mwisho. Nasikia uliandika kwamba hujui utaniambia nini nikiamka. Nimeamka. Kuna watu watakaokuja hapo gerejini kukuambia wewe ni kijana, una mafundi sita, mtoto mmoja wa kike hatoshi, oa mwingine. Wengine ni ndugu zako na watakuja na pombe. Kama utawasikiliza, niandikie sasa, ningali na nguvu za kurudi kwa mama yangu na mwanangu mgongoni. Usingoje nipone kwanza ndipo unionee huruma.

Kama hutawasikiliza, niandikie hivyo pia. Usimwandikie baba, usimpitishie sista, usimtume Liberatus kwa mdomo. Jibu lianze kwa jina langu.

Esta